Paneli za jua, droni na uwakili wetu

Mwezi Juni 2024, hayati Papa Fransisko, kwa barua yake Fratello Sole, aliagiza kujengwa mtambo wa umeme wa jua Santa Maria di Galeria, nje ya jiji la Roma, kwa mahitaji ya Vatikano. Nchini mwetu, TANESCO imeelekea huko huko kwa mradi wa Kishapu, mkoani Shinyanga, unaokusudiwa kufikia megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50. Nasi wa Msasani, hapa Tukuyu, tunazo paneli juu ya mapaa yetu, na yatupasa kujiuliza nani anazitunza.

Paneli huharibika kimya kimya. Seli moja ikipata ufa, umeme uliopaswa kupita hugeuka joto; sehemu hiyo huungua polepole huku taa zikiendelea kuwaka. Ndiyo maana katika mashamba makubwa ya sola duniani hutumika droni yenye kamera ya joto. Hupita juu ya safu za paneli na kuonyesha kwa rangi mahali penye joto lisilo la kawaida, na kazi ya siku nyingi humalizika kwa saa chache.

Hata hivyo, chombo hicho kina masharti yake. Kamera huona vema jua likiwa kali na anga halina mawingu. Rungwe yetu ya mvua na ukungu hutoa nafasi hiyo hasa wakati wa kiangazi. Tena, kivuli cha jani la mgomba au kinyesi cha ndege huweza kuleta joto lile lile. Droni huonyesha mahali. Sababu huitambua fundi. Aidha, kuirusha kunahitaji kibali cha mamlaka, na kamera ipitayo juu ya nyua za watu yagusa faragha ya jirani.

Kwa mtambo wenye maelfu ya paneli, droni ni akiba. Kwa zahanati yenye paneli chache juu ya bati, gharama ya kuikodi yaweza kuzidi faida yake. Hapo yatosha kusafisha paneli asubuhi zikiwa bado baridi, kukata matawi yanayozitia kivuli, kuandika daftarini kiasi cha umeme kila wiki, na kumwita fundi kiwango kikishuka pasipo sababu. Taasisi zenye paneli nyingi zaweza kuungana na kukodi droni mara moja kwa mwaka.

Nyuma ya paneli hizo kuna jokofu la chanjo na taa ya chumba cha kujifungulia. Kilichonunuliwa kwa michango ya wajane na wakulima wa chai ni amana. Basi, kila kamati inayoamua kununua paneli na itenge, siku hiyo hiyo, fungu la matunzo, na kumsomesha kijana mmoja wa mtaa kazi hiyo.