Kaboni ya maziwa: na sisi tupime letu

Kule Kanada na Uswidi, vijana wa univasite wanatoboa barafu ya maziwa juu ya kupima kaboni. Ardhi iliyoganda tangu zamani inayeyuka, kaboni yake inaingia majini, inatoka kama gesi na kuongeza joto la dunia.

Sisi huku Goma tuko na Kivu. Gesi yetu haitoki kwenye barafu, lakini iko nyingi: karibu kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za metani. Kule Nyos, Kameruni, mwaka 1986, gesi ya ziwa iliua watu zaidi ya 1,700.

Na sisi wenye diploma tunakaa nyumbani bila kazi! Tunadai serikali itoe bajeti na vipimo, vijana waajiriwe kupima, matokeo yasomwe hadharani. Ziwa ni letu, hatari yake pia.