Dawa ya kifafa na usingizi: tusifichane

Leo sikuletei tangazo la chanjo wala la vyandarua. Nataka tuongee jambo ambalo sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunalikwepa: uchovu na uzito wa akili unaowapata wenzetu wanaomeza dawa ya kifafa.

Pengine kwenu yupo. Ni mtoto aliyeanza fenobabitoni, haanguki tena, lakini darasani analaza kichwa juu ya dawati na mwalimu anamwita mvivu. Au ni mama anayebandika maharagi na kusahau kabisa kwamba ameyabandika. Majirani wanasema ni pepo. Hapana, si pepo. Fenobabitoni inatuliza ubongo ili mtu asianguke, na katika kutuliza huko inaweza kupunguza wepesi wa kufikiri na kukumbuka. Ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, kwa hiyo si habari mpya kwa waganga. Watoto wengine hawasinzii. Wanakuwa watundu na wenye hasira za bure.

Nyumbani kwetu tulikosea, nami nikiwa tayari navaa fulana ya wahudumu. Mdogo wangu alikuwa akisinzia hata wakati wa kula. Mama akaniambia, "Mwanangu, hii dawa inamuua mtoto akili." Nikanyamaza. Tukaacha kumpa. Siku ya kwanza akachangamka, ya pili pia, tukafurahi. Kumbe fenobabitoni hutoka mwilini polepole, kwa siku kadhaa, ndiyo maana tulidanganyika. Wiki haikuisha, akaanguka usiku, na kabla hajazinduka akaanguka tena. Tulimbeba kwa machela mpaka kituoni. Kifafa kikimshika mtu zaidi ya dakika 5, au kikifuatana bila yeye kuzinduka, kinaweza kuua, na kuacha dawa ghafla kunaweza kukileta hivyo.

Muuguzi aliuliza kwa nini hatukuja kusema mapema. Ukweli ni kwamba tuliogopa kugombezwa. Wakampima mtoto uzito upya, wakapunguza dozi kidogo, wakatuagiza tumpe jioni, karibu na kulala. Sisi tulikuwa tunampa asubuhi kabla ya shule! Hakuna aliyetueleza. Hesabu bado zinamsumbua, lakini sasa anakaa macho mpaka kengele ya mwisho.

Kwa maoni yangu, lawama si ya wazazi peke yao. Sisi wahudumu tukipita nyumbani tunahesabu vidonge, tunaandika daftarini, tunaondoka. Mgonjwa akisema amechoka, tunamwambia ashukuru kwamba haanguki tena motoni. Hilo si jibu. Mtu anayeona hasikilizwi ataacha dawa kimyakimya.

Usingizi wa mwanzo mara nyingi hupungua baada ya wiki 2 au 3, basi vumilia huku ukiendelea kumeza. Usipopungua, rudi kliniki. Wanaweza kurekebisha dozi au kukuhamishia polepole kwenye dawa nyingine, kama kabamazepini, ikiwa inakufaa. Usijipunguzie mwenyewe. Waeleze pia uchovu unakuja lini, maana kuanguka kwenyewe kunachosha, na hata mtu asiyelala vizuri katika hema lenye kelele atachoka. Kanyanga usiiguse kabisa: ikichanganyika na fenobabitoni inaweza kuzuia pumzi. Mgonjwa akiwa haamshiki, akitembea kama mlevi, au akitokwa na vipele na vidonda mdomoni, mpeleke siku hiyohiyo.

Nanyi walimu, kabla ya kumwadhibu mtoto anayesinzia, muulizeni mzazi wake kama anameza dawa.

Wiki hii nitapita kwenye bloku yangu kama kawaida. Nikibisha hodi, nielezeni kwanza habari za usingizi. Vidonge tutavihesabu baadaye.