Uingereza: Ndugu zetu wanakamuliwa kodi ya nyumba, nao wamekaa kimya!

Ndugu msomaji, kama una mtoto, shemeji au binamu aliyeko Uingereza, tahariri ya wiki hii inakuhusu hata kama wewe mwenyewe hujawahi kuvuka bahari zaidi ya kwenda Unguja na boti. Ile pauni unayoisubiri mwisho wa mwezi kwa ajili ya ada ya shule au dawa za mzee hupitia mikono mingi kabla ya kukufikia. Mkono mmojawapo ni wa halmashauri ya mji anakoishi ndugu yako. Na tunasema bila kumung'unya maneno: wapo wanaotozwa zaidi ya wanavyostahili, mwaka nenda mwaka rudi, na hawasemi kitu.

Tunazungumzia kodi ya halmashauri, ile ambayo wenyewe wakaao huko huiita kaunsili taksi. Kila kaya hulipa, iwe imepanga au imenunua. Inapelekwa kwenye taka, taa za barabarani, polisi, shule na matunzo ya wazee. Hatuna ugomvi na taka kuzolewa. Ugomvi wetu ni jinsi nyumba zilivyopangiwa madaraja.

Kodi hii ilizaliwa kwa vurugu. Serikali ya Mama Margaret Thatcher iliwapelekea Scotland kodi ya kichwa mwaka 1989, na mwaka 1990 ikaivusha England na Wales. Tajiri mwenye kasri na dereva wake, wakikaa mji mmoja, waliandikiwa kiwango kimoja, ukiacha nafuu kidogo kwa mafukara. Wazee wetu waliowahi kukimbizwa na mgambo kwa sababu ya kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, wanaielewa habari hiyo bila mkalimani. Waingereza walikataa. Tarehe 31 Machi 1990 viwanja vya Trafalgar mjini London vikageuka uwanja wa mapambano, na Novemba mwaka huo huo Mama Thatcher akafungasha virago, kodi hiyo ikiwa miongoni mwa sababu. Wakubwa wakatafuta kodi nyingine haraka haraka, ikaanza tarehe 1 Aprili 1993.

Hiyo haraka haraka ndiyo iliyoleta balaa. Ilibidi kila nyumba England, Scotland na Wales iingizwe katika daraja, kuanzia A ya chini kabisa hadi H ya juu, kwa kufuata bei ambayo nyumba hiyo ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Nyumba ya England isiyozidi pauni 40,000 ikawa A. Kutoka hapo hadi 52,000 ni B, hadi 68,000 ni C, hadi 88,000 ni D, hadi 120,000 ni E, hadi 160,000 ni F, hadi 320,000 ni G, na zaidi ya hapo ni H. Mamilioni ya nyumba, muda kiduchu! Wakakodishwa hata madalali wa nyumba. Wengi hawakushuka kwenye gari. Walipita mtaani wakitazama dirishani na kuandika herufi, mpaka Waingereza wenyewe wakaupa mtindo ule jina la uthamini wa gia ya pili.

Sasa hebu jiulize, msomaji. Mtu anapita na gari, anaangalia mlango na bustani, kisha anaandika D badala ya C. Kosa la sekunde mbili. Lakini England haijawahi kuthamini upya nyumba zake tangu siku hiyo. Zoezi lililopangwa kwa ajili ya mwaka 2007 lilifutwa 2005, kwani wanasiasa waliona kura zikiyeyuka. Wales peke yao ndio waliothamini upya, kwa bei za 2003, wakaanza kuzitumia 2005 na kuongeza daraja la tisa. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa katika nyumba iliyokosewa 1993 ameshakuwa mtu mzima, naye analipia kosa la dereva asiyemjua.

Tuweke hesabu mezani. Mwaka wa fedha 2025/26, wastani wa daraja D England ulikuwa pauni 2,280. Daraja C hulipa sehemu nane kati ya tisa za D, na E hulipa sehemu kumi na moja kwa tisa. Aliyewekwa D wakati anastahili C alizidishiwa pauni 253 mwaka huo mmoja. Aliyewekwa E wakati anastahili D alizidishiwa pauni 506. Tuseme kwa miaka ya nyuma, viwango vilipokuwa chini, ziada ilikuwa pauni 200 tu kwa mwaka. Aliyekaa miaka kumi na miwili ameibiwa, samahani, amezidishiwa pauni 2,400. Hiyo ni paa la bati na mlango wa chuma kwa mama yake Tandika.

Na dawa ipo! Hapo ndipo tunapowashangaa ndugu zetu. Daraja linapingika bila malipo, bila wakili, na likishushwa, halmashauri inarudisha ziada yote tangu siku ulipoanza kulipa kodi ya nyumba hiyo, hata kama ni kurudi nyuma mpaka 1993. Mwandishi wa mambo ya fedha Martin Lewis alilipigia kelele jambo hili tangu 2007 na watu wengi wamerudishiwa fedha zao. Lakini ukikaa na Waswahili wa kule utasikia: "Aa, serikali ya watu ile, nikianza kelele watanifukuza." Woga gani huu? Kupinga daraja si ombaomba na hakugusi viza. Ni kusahihisha orodha ya serikali ambayo iko wazi kwa umma.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza fungua orodha ya madaraja, ambayo England na Wales iko kwenye mtandao wa serikali kwa bure, utazame nyumba za majirani. Usilinganishe na bangaloo ya mwisho wa mtaa. Linganisha na nyumba zilizojengwa pamoja na yako, zenye ukubwa ule ule na vyumba vile vile. Ikiwa wewe ni E na wenzako watano wa safu hiyo ni D, hapo pana harufu.

Lakini usirukie kalamu. Fanya na mtihani wa pili, wa bei. Tafuta nyumba yako au ya jirani inayofanana nayo iliuzwa kwa kiasi gani miaka ya karibu na 1991. Mauzo ya England na Wales tangu 1995 yamo katika daftari la ardhi na yanasomeka bure, kisha bei hiyo unairudisha nyuma hadi 1991 kwa jedwali la mwenendo wa bei za nyumba, kama lile la Nationwide. Ukipata pauni 84,000, basi D ni yako na E ni uonevu. Ukipata 100,000, funga mdomo, shukuru Mungu, na usiwachongee majirani.

Mzaha huo una maana. Anayeomba daraja liangaliwe anaweza kupandishwa pia. Tena wathamini wanaweza kugundua kwamba si wewe uliyezidishiwa bali ni wenzako waliopunguziwa, wakawapandisha mtaa mzima. Jirani aliyekuwa akikupa sukari hatakusalimia tena. Ndiyo maana tunasisitiza mitihani yote miwili. Na kama aliyekuuzia nyumba alikuwa ameongeza vyumba nyuma, fahamu kwamba daraja huwa halipandi kwa ajili ya ujenzi huo mpaka nyumba iuzwe. Ukienda kulalamika unaweza kuwakumbusha.

Ukiwa na ushahidi, usiende kupiga foleni halmashauri. Huko wanakusanya fedha tu, hawapangi daraja. Watu wengi wamekata tamaa dirishani kwa kuambiwa "si sisi". Mwenye kupanga, kwa England na Wales, ni ofisi ya uthamini ya serikali kuu, iliyojulikana miaka mingi kwa jina la Valuation Office Agency. Scotland wana wathamini wao wa mikoa. Taja anwani za majirani, madaraja yao na bei ulizopata, kisha nakala moja weka nyumbani.

Kuna jambo la muda, na hapa ndipo wengi wanapotelea. Aliyehamia karibuni ana miezi sita ya kufungua shauri rasmi, na akikataliwa England anaweza kukata rufaa katika baraza la uthamini ndani ya miezi mitatu tangu uamuzi. Baraza hilo halidai hata senti. Aliyepitisha miezi sita hajafungiwa mlango, anaweza bado kuomba daraja liangaliwe upya kwa ushahidi, lakini hana tena haki ile ile ya rufaa. Sasa huyu anasimama kwa hisani, yule kwa sheria.

Wakati wote huo endelea kulipa kama ulivyoandikiwa! Wapo waliogoma wakisubiri majibu, wakalia. Utaratibu wa miaka mingi England umekuwa kwamba ukikosa awamu unaletewa ukumbusho, ukinyamaza unadaiwa mwaka mzima kwa mpigo, halafu mahakama inatoa amri na gharama zake juu, halafu madalali wa mahakama wanagonga mlango. Sheria ya England iliruhusu hata kifungo cha miezi mitatu kwa mwenye kukataa kwa makusudi. Wales walikifuta kifungo hicho 2019, baada ya Mahakama Kuu kusema mwaka 2017 kwamba mama mmoja aliyefungwa mwaka uliotangulia hakustahili kufungwa. Siku zake za jela hakuna wa kuzirudisha.

Kuna na papa wadogo. Hawa ni wale wanaopiga simu wakisema watakudaia marejesho ili wachukue asilimia. Kazi wanayoifanya ni kujaza fomu ile ile ya bure. Kama Kiingereza cha barua kinakupa tabu, wako watoto wako wanaokisoma shuleni kwa kodi hiyo hiyo. Waandike.

Sasa tuwageukie wenye karatasi za muda, wale ambao viza zao zimepigwa mhuri wa kutogusa fedha za umma. Hapa panahitaji macho. Ile nafuu ya kodi inayotolewa na halmashauri kwa wenye kipato kidogo, iliyoanza Aprili 2013, inahesabiwa kuwa ni fedha za umma. Usiiombe. Lakini punguzo la asilimia 25 kwa mtu mzima anayeishi peke yake si fedha za umma, na msamaha wa nyumba inayokaliwa na wanafunzi watupu si fedha za umma. Kuna vijana wanaosoma mchana, wanazoa vyombo usiku na kulipa kodi wasiyodaiwa, kisa hawakupeleka barua ya chuo.

Na wanaopanga chumba kimoja kimoja katika nyumba ya watu wengi? Zamani wathamini walifikia hatua ya kukipa chumba kimoja daraja lake, na kabwela akaletewa ankara ya nyumba nzima kwa kitanda na sinki. Tangu tarehe 1 Desemba 2023, kwa England, nyumba ya namna hiyo inahesabiwa moja na mdaiwa ni mwenye nyumba. Kama ankara ya chumba bado inakuja kwa jina lako, ulizia kwa maandishi.

Msomaji atauliza, je, kodi yenyewe ni ya haki hata madaraja yakiwa sahihi? Tunajibu: hata kidogo. Daraja H hulipa mara mbili tu ya D, iwe nyumba hiyo ni ya daktari au ya bilionea. Na kwa kuwa kila halmashauri hujipangia kiwango, jumba la H katika Westminster, mtaa wa wafalme na mabilionea, mwaka 2025/26 liliandikiwa kama pauni 2,000 na kidogo. Rudi juu utazame wastani wa daraja D. Ndiyo, msomaji, mwenye nyumba ya kawaida alimpita mwenye kasri! Katika bajeti ya Novemba 2025 serikali ilitangaza tozo ya ziada kwa nyumba za England zinazozidi pauni milioni mbili, ianze Aprili 2028. Wakubwa wamepewa zaidi ya miaka miwili ya kujiandaa. Kabwela hupewa siku saba za ukumbusho.

Na wa nyumbani tusicheke sana. Sisi tulianza kukatwa kodi ya jengo kwenye LUKU Agosti 2021, mpangaji akikatwa kwanza kisha akamtafute mwenye nyumba wamalizane. Angalau wenzetu wana herufi ya kubishia.

Jambo la mwisho ni la waliohama. Aliyelipa kwa mkupuo kisha akahama katikati ya mwaka mara nyingi ameacha salio katika halmashauri ya zamani, na wasioacha akaunti ya benki hawarudishiwi mpaka wadai. Tafuta ankara ya zamani yenye namba yako ya kodi, waandikie tarehe uliyotoka na anwani uliyohamia. Na aliyehamia nyumba mpya majuzi ahesabu miezi yake sita kuanzia siku alipoanza kuwa mlipaji, si siku alipofungua bahasha.