Soko halijazwi na ghorofa, hujazwa na wateja

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Dar es Salaam mambo ni kinyume. Hata bidhaa nzuri hulazimika kumfuata mteja, kwa sababu mwananchi wa kipato cha chini hununua pale anaposhukia daladala. Hapandi ngazi kutafuta fungu la nyanya.

Jengo la Machinga Complex lililopo Ilala, jirani na Uwanja wa Karume, ni ushahidi wa jambo hilo. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 2000 na iliyokuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa mkopo wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), likiwa na vizimba zaidi ya 4,000. Lengo lilikuwa zuri: wamachinga waondoke kwenye jua na migambo, nao wawe na anuani ya biashara. Lakini vizimba vingi vya ghorofa za juu vilibaki vitupu kwa miaka mingi, huku hatua chache tu kutoka hapo soko la Mchikichini, maarufu kama Karume, likifurika watu.

Jiji lilitegemea kodi ya vizimba kulipa mkopo. Vizimba vilipokosa watu, riba iliendelea kuhesabiwa na deni likavimba kupita kiasi kilichokopwa. Februari 2021 halmashauri hiyo ilivunjwa na Manispaa ya Ilala kupandishwa hadhi kuwa Jiji. Halmashauri iliondoka, lakini tatizo la soko lenye jengo zuri na wateja wachache halikuondoka nayo.

Madiwani wanapojadili namna ya kufufua soko lililodorora, kishawishi kikubwa ni kuanza na ramani ya jengo jipya au kuwafukuza wanaouza barabarani ili wateja wawafuate ndani. Njia ya pili imeshajaribiwa. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa barabarani katika miji mbalimbali nchini, lakini baada ya muda wengi walionekana tena kandokando ya barabara zilezile. Hii siyo jeuri, ni hesabu.

Tuchukue mfano. Muuzaji anayepata faida ya shilingi 10,000 kwa siku kituoni akihamishiwa ghorofa ya tatu, ambako faida yake ni 3,000, amepoteza 7,000 kila siku. Hata akisamehewa kodi yote ya kizimba ya shilingi 1,000 kwa siku, bado yuko pabaya. Kwa mantiki hiyo, kupunguza kodi peke yake hakuwezi kujaza jengo ambalo wateja hawapiti.

Mkulima naye asidhani kwamba haya ni mambo ya watu wa mjini. Tenga la nyanya kutoka Ilula, mkoani Iringa, likifika soko ambalo lori haliwezi kuegesha karibu, atalipwa mbebaji, atalipwa mwenye mkokoteni, na matunda ya chini yatapondeka. Muuzaji wa rejareja hawezi kumtwisha mlaji gharama hizo zote, kwa kuwa mwenzake wa barabarani anauza bei nafuu. Atakachofanya ni kumbana dalali, na dalali atambana aliye shambani, ambaye hana wa kumbana. Hivyo, kosa la mchoraji ramani Ilala linaweza kuishia kwenye mfuko wa mkulima wa Iringa.

Wapo wanaosema ardhi ya katikati ya jiji ni ghali mno kuachiwa mafungu ya mchicha, na kwamba halmashauri inahitaji mapato ya ndani. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ghorofa tupu haliingizi mapato yoyote. Na ujenzi wa kwenda juu wenyewe si dhambi, mradi kila biashara iwekwe mahali pake. Soko kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, lilitenga sehemu ya chini ya ardhi, waliyoizoea watu kwa jina la shimoni, kwa ajili ya mazao ya jumla. Mzigo mzito haukupandishwa juu.

Kariakoo hiyohiyo inatoa somo jingine. Baada ya moto wa Julai 2021 wafanyabiashara walitawanywa, na Serikali ikatoa zaidi ya shilingi bilioni 28 kwa ukarabati na ujenzi mpya. Fedha zilipatikana na kazi ikafanyika. Pamoja na hayo, Julai 2024 yaliibuka malalamiko makubwa ya wafanyabiashara ambao hawakuona majina yao katika orodha ya kurejea. Orodha ya namna hiyo ni vema ihakikiwe na kubandikwa hadharani mapema, kabla nyundo ya kwanza haijagonga ukuta.

Kwa hiyo, ipo haja kwa halmashauri yoyote inayojadili soko lililodorora kuamua mambo manne kabla ya kuita mkandarasi. Kwanza, kituo cha daladala kiwe mlangoni mwa soko. Pili, ghorofa ya chini ibaki kwa vyakula na bidhaa za bei ndogo, huku juu wakipewa mafundi cherehani, mafundi simu, maghala na ofisi, ambao wateja wao huwafuata. Tatu, kodi itangazwe kabla ya ujenzi, ianze chini na kupanda kadiri soko linavyochangamka, wala isipangwe kwa kuangalia deni la jengo. Nne, wawakilishi wa wauzaji, wasafirishaji na wakulima waione ramani wakati bado inaweza kubadilishwa.

Hatua hizi hazihitaji mabilioni. Zinahitaji diwani mmoja anyanyuke kwenye kikao na kuuliza: mteja atapita wapi, na lori la nyanya litashushia wapi? Kama hakuna mwenye jibu, mkopo usisainiwe.