Zuwena Amepata Sifuri

KIBARAZANI, na Mwinyi Kalamu

Usiku wa Jumatano, nyumbani kwa mpwa wangu hapa Tanga, ambaye ni mhadhiri wa chuo nisichokitaja kwa kuwa bado chamlipa mshahara, niliona jambo lililonighadhibisha hata chai ikanipoa mkononi, na wasomaji wangu wa siku nyingi wajua ya kuwa mimi na chai hatutenganishwi na dogo. Nasema mapema: taksiri si ya walimu.

Alikuwa akiingiza maksi za wanafunzi 300, kila mmoja na visanduku vinne, katika mfumo wa masomo ambao waraka wa wakubwa umeamrisha utumike peke yake, daftari la karatasi likiwa marufuku, na mlango wake ulikuwa ufungwe saa sita ya usiku. Akabonyeza “Hifadhi”. Kiduara kikazunguka hata macho yakatuuma, kisha yakatokea maandishi ya kijani kwamba yote yamehifadhiwa. Alipoufungua ukurasa upya, Abdallah, Asha na Hamisi walikuwa salama salimini, ilhali tangu Salma hata Zuwena visanduku vyote vitupu. Akarudia, yakawa yale yale.

Akawapigia simu mafundi. Kijana mwenye sauti ya usingizi akamwambia afute kashe ya kivinjari. Alipokwisha kufuta, atumie kompyuta nyingine. Alipokuwa hana nyingine, akaambiwa tatizo ni mtandao wa Tanga. Mtandao wa Tanga! Ati ndio uliosoma orodha ya majina, ukawaridhia wa A na kuwachukia wa S!

Mimi, ambaye hata salio huwekewa na wajukuu, asubuhi nilimwuliza kijana wa mtaani atengenezaye tovuti za maduka, naye, pasi na kuacha mhogo wake, akanieleza ya kuwa mifumo mingi ya namna hii imeandikwa kwa lugha ya PHP, ambayo tangu mwaka 2012 huja na kikomo cha vigezo 1000 kwa mkupuo mmoja, ili wahalifu wasiielemee seva; visanduku vyetu ni 1200, na vinavyozidi hutupwa kimya kimya. Waundaji wa Moodle, mmojawapo wa mifumo hiyo, kule Australia, siku hizi huagiza kikomo kisipungue 5000.

Walimu wamekwisha kupelekwa semina kadhaa, pamoja na posho na maji ya chupa, kufundishwa namna ya kubonyeza. Wa kuitazama seva hakupelekwa popote, maana anayelaumiwa ni yule aketiye mbele ya kioo. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa: Ijumaa mpwa wangu alipokea barua ya kutakiwa ajieleze kwa nini amechelewesha matokeo.

Maelezo yake ni haya, Bwana Mkurugenzi wa Mifumo. Katika seva yako mna faili liitwalo php.ini, na ndani yake mstari wa max_input_vars. Futa 1000, andika 5000, uiwashe seva upya, kisha umwombe radhi Zuwena.