Kona ya Vikuukuu: Shaba ya Mfalme Louis

Safari hii tulipanda basi la A Line, tukashuka Rosedale, tukaingia duka moja la sarafu za kale hapo Roseville. Kwenye sanduku la vipande vya dola chache chache tuliokota sol moja ya shaba ya Louis XVI, ya mwaka 1785. Upande mmoja uso wa mfalme, upande wa pili ngao yenye taji na maua matatu ya yungiyungi. Sol moja ilikuwa liard nne; sol ishirini zilifanya livre. Herufi ndogo huonyesha mji ilikopigwa: A ni Paris, W ni Lille, BB ni Strasbourg. Yetu imelika, herufi haisomeki.

Mmoja wetu alitaka kuisugua kwa limau na chumvi, kama bibi anavyosugua sinia. Mwenye duka nusura apige kelele! Lile ganda la kahawia ndilo linaloilinda shaba, na ukilitoa wanunuzi hawaitaki tena.

Tulipoileta chamani, mwenzetu wa Lindi aliutazama mwaka, akanyamaza. Mwaka 1776, enzi za mfalme huyuhuyu, Mfaransa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe Ile de France, yaani Mauritius ya leo. Je, wazee wetu walinunuliwa kwa shaba hii? Hapana. Bei ilikuwa piastre 20 kwa mtu, na piastre ni fedha, jamaa ya riale tunayoikuta katika hadithi za pwani. Shaba ilikuwa ya mkate na mboga huko kwao. Jibu hilo halikumfariji, na sisi hatukumlazimisha afarijike.

Kilwa nayo ilikuwa na shaba yake, karne nyingi kabla ya Louis huyu. Sarafu za Sultani Ali bin al-Hasan zina jina lake upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili zina vina! Washairi wetu, mpo?

Sasa sol iko kabatini, na tunabishana juu ya kibandiko. Wengine wanataka kiseme tu "Ufaransa, shaba, 1785". Wengine wanasema jina la Kilwa lazima liwepo, hata kama sarafu yenyewe haikufika huko. Sisi wa kona hii tuko na hao wa pili. Kura ni Alhamisi.