Kabla hujaacha kidonge, ulizia ini

Kwenye kipindi tuliigusa sindano ya VVU, ile ya kila miezi miwili, na kila ninayekutana naye anataka kujua zaidi. Naelewa. Nyumba zetu za hapa Uingereza mnazijua: vyumba viwili, watu saba, na wageni kutoka nyumbani hawaishi. Ami yangu miaka yote ameficha ARV zake kwenye kopo la vitamini, asije akaulizwa na mtu. Kwake yeye sindano ni uhuru. (Ruhusa ya kuandika haya kanipa mwenyewe.)

Ila kuna jambo moja halisemwi sana, nalo ni ini.

Vidonge vingi vya ARV vina tenofoviri, pamoja na lamivudini au emtrisitabini. Dawa hizi zinafubaza VVU, na pia zinakandamiza virusi vya homa ya ini B. Yaani mtu anaweza kuwa anatibiwa magonjwa mawili kwa kidonge kimoja, na yeye anajua moja tu! Sindano ya kabotegraviri na rilpivirini haigusi homa ya ini B hata kidogo. Ukiacha kidonge, mlinzi kaondoka getini. Virusi vinaweza kuamka, ini likavimba, macho yakawa manjano, na wapo ambao ini hushindwa kabisa kufanya kazi.

"Mimi nilipimwa, sina." Sawa, lakini ulipimwa kipimo gani? Kinachotumika sana ni HBsAg, kinachotafuta ganda la virusi kwenye damu. Kuna watu ganda halionekani, kumbe vinasaba vya virusi vimejibanza ndani ya seli za ini. Hiyo ndiyo homa ya ini B iliyojificha, na kwa wenye VVU hutokea zaidi. Kipimo cha kuonyesha kama virusi viliwahi kuingia mwilini ni kingine: anti-HBc. Majibu yakiwa chanya si lazima uwe mgonjwa. Wengi miili yao ilishavishinda. Ila hapo daktari anajua kuna la kuangalia.

Kwa nini tujali sisi hasa? Wengi wa rika la wazazi wetu Afrika Mashariki waliambukizwa wakiwa wadogo, kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzao. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Na sisi tuliozaliwa huku tusijione: Uingereza iliiingiza kwenye chanjo za watoto wote mwaka 2017 tu.

Ami alikwenda kliniki na maswali matatu kwenye simu. HBsAg yangu inasemaje? Anti-HBc yangu je? Na nikiacha tenofoviri, ini langu litapimwa kila baada ya muda gani? Anti-HBc ilirudi chanya. Daktari hakumfungia mlango. Alimweleza kwamba akihamia sindano itabidi afuatiliwe kwa karibu. Ami kafikiri wiki mbili, kaamua kubaki na kidonge. Hakufurahi, sitawadanganya. Kuficha kunachosha. Lakini kachagua akijua.

Mwingine, kwa majibu yake, ataambiwa sindano inamfaa, na achome kwa amani. Maswali ni hayo hayo hata ukipewa kidonge kipya chenye dolutegraviri na lamivudini peke yake, maana lamivudini bila tenofoviri, virusi vya ini huizoea. Na usiache dawa kimyakimya kwa sababu umeishiwa ukiwa likizo nyumbani. Beba za kutosha.

Kwa mke, mume na ndugu wanaoishi na mwenye homa ya ini B: chanjo ipo. Kapimeni, mchanjwe.

Mkienda kliniki na mzazi asiyejua Kiingereza vizuri, mwandikieni yale maswali matatu kwenye karatasi. Kama hataki uingie naye ndani, muache aingie peke yake, karatasi itamsemea.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.